Dhamana Isiyovuka Kivuko

Katika biashara ya leo hakuna neno linalomtuliza mnunuzi kama neno dhamana. Mabati huuzwa kwa dhamana ya miaka kadhaa. Baiskeli, jiko na injini ya mashua navyo vina dhamana zake. Mnunuzi hutoa fedha zake kwa moyo mkunjufu, akiamini kwamba kasoro ikitokea, mtengenezaji atasimama naye. Ningependa kuihoji imani hiyo nikiwa mkazi wa Bodo, kijiji cha wavuvi na wakulima kusini mwa Msambweni, ambako chuma na bahari ni majirani wasiopatana.

Walimu wa sayansi wanalifahamu vyema jambo hili. Chuma kikikutana na maji na hewa hufanya kutu, na chumvi huiharakisha kazi hiyo. Ndiyo maana bati hupakwa zinki, madini ambayo hukubali kuliwa kwanza ili chuma kilicho chini yake kisalimike. Juu ya zinki huweza kuongezwa rangi. Hata bunduki ya askari hutiwa ngozi nyembamba nyeusi kiwandani, lakini isipofutwa na kupakwa mafuta mara kwa mara, upepo wa bahari huipenya. Kwa hiyo uhai wa chombo cha chuma hapa pwani umo katika ngozi yake. Ngozi hiyo ikiwa nyembamba kuliko ilivyopasa, au ikiwa haikushikamana vizuri, misimu michache ya kusi yatosha kuifichua aibu.

Nasema haya nikiwa na ushahidi juu ya kichwa changu. Mabati ya rangi niliyoyanunua Mombasa yalianza kubanduka rangi kabla ya kutimiza miaka mitatu. Hayakuanzia kwenye kingo alizokata fundi, bali katikati, mahali ambapo hapakuguswa na msumari wala msumeno. Muuzaji alijua yanakokwenda, kwani ndiye aliyeliandika jina la Bodo kwenye karatasi ya usafirishaji. Nilipomrudia alinielekeza kwa mtengenezaji. Mtengenezaji naye akanionyesha sharti lililochapishwa kwa herufi ndogo nyuma ya cheti: dhamana haihusu majengo yaliyo karibu na bahari. Cheti chenyewe nilikabidhiwa baada ya kulipa.

Haki inatudai tumsikilize mtengenezaji pia. Si kila kutu ni kosa la kiwanda. Wapo mafundi wanaokata mabati kwa mashine inayotoa cheche zikaunguza rangi, na wapo wanaopigilia misumari isiyolingana na bati. Wapo pia wenye nyumba wasiowahi kuisafisha paa ili kuondoa chumvi. Mtengenezaji hawezi kubeba mizigo hiyo yote. Lakini kama anajua kwamba bati lake halistahimili hewa ya bahari, mahali pa kulisema hilo ni dukani, kabla fedha hazijabadilisha mikono. Kumuuzia mtu wa Bodo dhamana isiyohusu bahari ni sawa na kumuuzia mwavuli usiohusu mvua.

Sheria zetu haziko kimya. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa maelezo anayohitaji ili afaidike nazo, na haki ya kulipwa fidia kwa hasara itokanayo na kasoro. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji Bidhaa ya mwaka 2012 inamhesabu muuzaji kuwa ametoa dhamana ya ubora hata kama hakutamka neno, na inabatilisha sharti lolote la mkataba linalojaribu kuifuta dhamana hiyo.

Hapa ndipo wengi tunapopotezwa njia. Dhamana ziko mbili. Moja ni cheti cha mtengenezaji, ambacho hukiandika apendavyo. Nyingine ni ya sheria, nayo humfunga yule aliyekuuzia. Muuzaji anayekwambia "nenda kiwandani" anakuelekeza kwenye ile ya kwanza ili usahau ya pili.

Ipo tahadhari moja. Sheria ya Uuzaji Bidhaa, Sura ya 31, humtaka muuzaji atoe kitu kinachofaa kwa kazi aliyoelezwa na mnunuzi anayetegemea ujuzi wake. Lakini mnunuzi akiagiza kwa kutaja jina la kibiashara tu, ulinzi huo wa kufaa kwa kazi maalumu waweza kumponyoka. Kwa hiyo mweleze muuzaji unajenga wapi, umwombe akushauri, na uhakikishe jambo hilo limeandikwa kwenye risiti. Akikaidi, Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na mdai aweza kujisemea bila wakili.

Walimu wenzangu, shule zetu nazo hununua mabati, matangi na vyuma vya madawati kwa fedha za umma na jasho la wazazi. Mkuu wa shule asitie sahihi kabla ya kukisoma cheti cha dhamana mbele na nyuma. Nanyi wanafunzi, ombeni vyeti vya namna hiyo viletwe darasani. Cheti kimoja kina somo la kemia, la biashara na la lugha, na mtihani wake utawafuata maisha yote.

Kwa wenye viwanda nina ombi moja. Tuuzieni bati la pwani kwa bei ya pwani, mkilisema wazi, au andikeni dukani kwa herufi kubwa kwamba dhamana yenu inaishia kivuko cha Likoni. Mnunuzi aliyeambiwa ukweli huchagua mwenyewe, wala halaumu mtu.