Tumkumbuke Kasanga Tumbo, Mtetezi wa Wanareli

Mwezi huu tunapenda tuzungumze juu ya Christopher Kasanga Tumbo, aliyekuwa katibu mkuu wa TRAU, chama cha wafanyakazi wa reli Tanganyika. Watoto wetu wengi hawalijui jina lake.

Tuanzie Tabora. Katika karne ya 19 Wanyamwezi walibeba pembe na nguo kati ya Tabora na pwani, na wanawake walikuwamo misafarani. Wapagazi wale walijua thamani ya jasho lao: posho ikipunjwa, walitua mizigo mpaka wasikilizwe. Reli iliyofika Tabora mwaka 1912 ilifuata kwa sehemu kubwa njia ile ya misafara. Mizigo ikahamia kwenye mabehewa, lakini swali la ujira likabaki palepale.

Mwaka 1960, Tumbo akiwa kiongozi wao, wanareli waligoma kwa siku 82 wakidai masilahi bora. Ni rahisi kuandika 82. Mama mwenye watoto, ambaye mshahara wa mumewe umesimama, alizihesabu siku hizo moja moja kwa vibaba vya unga. Tukimheshimu kiongozi wa mgomo, tumheshimu na mama huyo.

Baada ya uhuru Tumbo alipelekwa London kuwa balozi. Mwaka 1962 serikali ilitunga sheria ya kupeleka migogoro ya kazi kwenye usuluhishi, na nafasi ya kugoma ikawa finyu sana. Waziri Mkuu wakati huo alikuwa Rashidi Kawawa, mwanafunzi wa zamani wa Tabora na katibu mkuu wa kwanza wa TFL, shirikisho la vyama vya wafanyakazi. Wote wawili walitoka katika utetezi wa wafanyakazi. Serikali iliona kwamba nchi changa haiwezi kuhimili migomo. Tumbo aliona kwamba mfanyakazi asiyeweza kugoma hana sauti. Aliuacha ubalozi mwaka huohuo, akaingia upinzani. Mwaka 1964, baada ya maasi ya jeshi, aliwekwa kizuizini. Cheo alikuwa nacho. Angeweza kunyamaza akakila kwa amani.

Leo sheria ya kazi ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi haki ya kujiunga na chama na hata kugoma kwa kufuata utaratibu, na inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo.

Je, nyumbani kwetu? Yule binti anayetufulia na kutulelea watoto naye ni mfanyakazi, na kipo chama kinachowatetea wenzake, CHODAWU. Mtume Yakobo aliwaonya vikali waliozuia ujira wa wavunaji. Kabla mwezi haujaisha, tumlipe binti huyo chake chote, kwa wakati, na tumpe siku ya kupumzika. Hapo tutakuwa tumemheshimu Tumbo kwa vitendo.