MIGUU MIZIMA ISIVUNJWE KWA AJILI YA UREFU

Katika miaka ya karibuni umezuka duniani mtindo mpya, nao umekwisha kufika katika simu za watumishi wa Serikali na walimu wa Morogoro kama ulivyofika kwingineko. Ni mtindo wa mtu mzima, asiye na ugonjwa wala kilema, kulipa fedha nyingi ili madaktari waikate mifupa ya miguu yake miwili, kisha waivute kidogo kidogo mpaka aongezeke urefu wa sentimita tano, sita au nane. Matangazo ya hospitali za Uturuki na za nchi nyingine huonyesha picha mbili za mtu mmoja. Katika ya kwanza amesimama mfupi na mnyonge; katika ya pili amesimama mrefu na anacheka. Yaliyompata kati ya picha hizo mbili hayaonyeshwi, na hayo ndiyo yanayostahili kuelezwa kabla mtu hajakwenda benki kuomba mkopo.

Ufundi wenyewe si wa kubezwa. Mtaliano Alessandro Codivilla alieleza namna ya kurefusha mfupa mwaka 1905. Lakini aliyeufikisha ufundi huo mahali pa kutegemewa ni daktari wa Kisovieti, Gavriil Ilizarov, aliyefanya kazi katika mji wa Kurgan, Siberia, tangu miaka ya 1950, mahali ambapo majeruhi wa Vita Kuu ya Pili walikuwa wengi na vifaa vilikuwa haba. Yeye aliuzungushia mguu pete za chuma zilizoshikwa na nyaya zilizopenya hadi kwenye mfupa, akagundua kwamba mfupa uliokatwa kwa uangalifu, ukivutwa polepole, huotesha mfupa mpya katika ule mwanya. Mwaka 1968 alimtibu Valery Brumel, bingwa wa kuruka juu katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo ya 1964, ambaye mguu wake uliharibika vibaya katika ajali ya pikipiki, jambo ambalo watu wa Msamvu hawana haja ya kuelezwa. Brumel alirudi kuruka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 maarifa hayo yakavuka kwenda Italia, na kutoka huko yakaenea Ulaya na Marekani. Ufundi huu, basi, ulizaliwa kwa ajili ya mguu uliovunjika usiunge, mguu uliopinda, na mguu uliobaki mfupi kuliko mwenzake.

Kazi inavyofanyika ni hivi. Mfupa wa muundi au wa paja hukatwa. Hupita siku tano mpaka saba bila kuguswa, ndipo kuvuta kunapoanza. Mwendo wa kawaida ni milimita moja kwa siku, tena haivutwi kwa mara moja bali kwa robo robo, mara nne kwa siku. Mtumishi aliyechukua likizo yake ya siku 28 na apige hesabu hiyo. Likizo itakapokwisha, mguu wake utakuwa umeongezeka kiasi cha sentimita mbili, nao utakuwa na mwanya ndani yake uliojaa kitu laini ambacho bado si mfupa wa kubeba mwili. Kukomaa kwa mfupa huo hudai mwezi mmoja au zaidi kwa kila sentimita moja. Mwenye kutaka sentimita tano anazungumzia miezi mitano au zaidi kabla vyuma havijatolewa, na huenda mwaka mzima ukapita kabla hajatembea kama alivyokuwa akitembea siku ile alipoingia hospitalini kwa miguu yake mwenyewe.

Hapo mambo yamekwenda vizuri. Lakini mfupa hauvutwi peke yake. Misuli, kano, mishipa ya damu na mishipa ya fahamu nayo huvutwa, wala hivyo havioti upesi kama mfupa. Kano ya kisigino ikikaza, unyayo huelekea chini na mtu hutembea kwa ncha za vidole. Goti hukataa kukunjuka. Mishipa ya fahamu ikizidiwa, mguu hufa ganzi au hushindwa kuinua wayo. Matundu ya vyuma huingia vijidudu mara kwa mara, hata kwa mgonjwa anayeyasafisha kila siku. Na vijidudu vikifika ndani ya mfupa, tiba yake huenda ikachukua miezi mingi na upasuaji wa mara ya pili na ya tatu. Mfupa huweza kuunga mapema kabla ya wakati, au kukataa kuunga kabisa, au kuunga umepinda. Mguu mmoja huweza kumpita mwenzake. Tena kuna hatari ambazo ni nadra lakini huua: damu iliyoganda miguuni, au mafuta ya ndani ya mfupa, kusafiri mpaka mapafuni.

Siku hizi kuna misumari inayowekwa ndani ya mfupa na kurefushwa kwa sumaku kutoka nje, nayo imepunguza taabu ya matundu. Haikuondoa hatari nyingine. Mwaka 2021 aina mojawapo ya misumari hiyo, iliyoitwa STRYDE, iliondolewa sokoni na watengenezaji wake wa Marekani baada ya kuonekana dalili za kutu na mabadiliko katika mifupa ya waliowekewa. Nchi ya China, ambako biashara ya kurefusha watu wazima ilistawi kwa kasi na kuacha vilema wengi, ilipiga marufuku mwaka 2006 upasuaji huo ukifanywa kwa ajili ya urembo tu, ikauruhusu kwa wenye ugonjwa.

Msomaji wa Morogoro anayo sababu yake pekee ya kuyatafakari haya. Mji uko kiasi cha mita 500 juu ya bahari, na nyuma yake Milima ya Uluguru hupanda mpaka vilele vinavyozidi mita 2,600. Mwalimu aliyepangiwa shule ya Tegetero au Tchenzema, bwana shamba wa Mgeta, mganga wa zahanati ya Kinole, wote hawa wanaijua kazi ya mguu. Mtelemko wa Uluguru wakati wa masika hauulizi mtu ana urefu gani. Huuliza kama kifundo cha mguu kinakunjika, kama goti linashika, na kama unyayo unahisi jiwe linaloteleza. Akina mama wanaoteremsha ndizi na mboga kutoka huko juu hadi sokoni, mzigo kichwani, wengi wao ni wafupi wa kimo, na hakuna hata mmoja anayeshindwa na njia kwa sababu hiyo. Mtu mwenye sentimita sita za ziada na kifundo kilichokaza atabaki uwanda wa chini.

Ni lazima pia kuulizwa tamaa hii inatoka wapi. Mtoto mfupi husimamishwa mbele katika mstari wa asubuhi shuleni, na kutoka hapo huanza kuitwa majina, wakati mwingine na mwalimu mwenyewe kwa mzaha. Anapokua hukuta matangazo yanayomwambia kwamba kazi, heshima na mchumba ni vya warefu. Hii ni kasumba, ndugu wa ile kasumba ya mkorogo. Itakumbukwa kwamba mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana dhidi ya nguo fupi, mawigi na madawa ya kujichubua. Wapo waliosumbuliwa mitaani, hasa wasichana, lakini mkorogo haukuisha. Hata leo unauzwa. Amri haikutosha wakati ule wala haitatosha sasa, na hakuna sababu ya kumcheka anayeona uchungu juu ya kimo chake. Uchungu huo ni wa kweli. Madaktari wazuri wa fani hii humpeleka kwanza mtu kama huyo kuzungumza na mtaalamu wa afya ya akili, kwa kuwa wanajua ya kwamba kuna huzuni isiyopimwa kwa futi.

Hata hivyo watakuwapo watakaoshikilia uamuzi wao, na wengine watahitaji upasuaji huu kwa haki kabisa. Hao wote wana wajibu wa kumchagua daktari kwa makini zaidi ya wanavyochagua kiwanja cha kujenga.

Jambo la kwanza ni sajili. Kila daktari anayetibu Tanzania Bara, mwenyeji au mgeni, hana budi awe ameandikishwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Kuuliza jina la mtu katika Baraza si kumvunjia heshima. La pili, udaktari peke yake hautoshi, wala upasuaji wa urembo hautoshi. Hospitali ya Muhimbili, Mloganzila, imeanza katika miaka hii kutoa upasuaji wa kurekebisha maumbile, na ni jambo jema kwamba huduma hiyo ipo katika hospitali ya umma. Lakini mkono uliozoea kushona ngozi si lazima uwe umezoea kukata mfupa na kuusimamia mwaka mzima. Anayetafutwa ni bingwa wa mifupa aliyejifunza hasa kazi ya kurefusha, ambaye ataeleza bila kusita ni wagonjwa wangapi amewafanyia, ni wangapi walipata matatizo, na aliwafanyia nini. Anayejibu kwamba hakuna hata mmoja aliyepata tatizo, ama hajafanya kazi hiyo, ama hasemi kweli.

Lipo swali ambalo watu husahau kuliuliza, nalo ndilo kubwa kuliko yote: nani atamwangalia mgonjwa baadaye? Upasuaji wenyewe ni wa saa chache. Mazoezi ya viungo ni ya kila siku kwa miezi mingi, na picha za mfupa hupigwa tena na tena ili kuona kama kasi ya kuvuta ipunguzwe. Aliyefanyiwa Istanbul akarudishwa Kihonda na vyuma vyake hana daktari wakati homa inapompanda saa nane za usiku. Atapelekwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ambako madaktari watakabidhiwa mguu wasioujua, wenye vyuma wasivyoviweka, na pengine barua iliyoandikwa kwa lugha wasiyoisoma. Bei ya wakala haikuhesabu usiku huo. Wakala naye hulipwa kwa kila kichwa anachokipeleka, kwa hiyo ushauri wake ni ushauri wa dalali. Kabla ya kutia sahihi, mtu na apate maoni ya bingwa wa pili asiye na faida katika jambo hilo, kwa mfano katika Taasisi ya Mifupa MOI pale Muhimbili, au KCMC Moshi, au Bugando.

Mabingwa wa mifupa nchini bado ni wachache kulingana na mahitaji, na foleni yao ni ndefu. Ndani ya foleni hiyo alipaswa kuwapo mtoto wa Matombo au Bunduki ambaye mguu wake mmoja ni mfupi kwa sababu ulivunjika ukaungwa vibaya, au kwa sababu usaha ulikaa ndani ya mfupa akiwa mdogo. Mara nyingi hayupo, maana nyumbani wamekwisha kuuzoea mwendo wake. Mwalimu wa darasa la kwanza ndiye anayemwona kila asubuhi akipanda mlima huku bega moja limeshuka. Mwalimu huyo na awaite wazazi, na awaandikie barua ya kwenda hospitali ya mkoa mtoto akapimwe. Tofauti isiyofika sentimita mbili kwa kawaida haihitaji kisu: daktari ataandika kipimo, na fundi viatu wa sokoni Morogoro ataongeza soli ya kiatu kimoja kwa mchana mmoja. Ikizidi hapo, mtoto aandikiwe rufaa ya kwenda kwa bingwa mapema, angali anakua, wakati njia za kumsaidia bado ni nyingi.