Bibi akiacha Kiswahili, si jeuri

Wazazi wenzangu wa Karatu na Ngorongoro, nyumba zetu nyingi zina lugha mbili. Bibi alikulia kwenye Kiiraqw, Kimaasai au Kidatoga. Wajukuu wanacheza na kusoma kwa Kiswahili. Ghafla bibi anamwita mjukuu kwa jina la marehemu kaka yake, anadai hajala wakati sahani bado iko mbele yake, na Kiswahili kinampotea. Watoto wanacheka. Majirani wananong'ona: karogwa, au yeye mwenyewe ni mchawi. Neno hilo la mwisho linaweza kumgharimu mzee maisha yake.

Huenda ni ugonjwa wa ubongo, dimenshia. Kusahau ulipoweka funguo ni kawaida. Kupotea njia ya kisimani uliyoipita miaka 40 si kawaida. Lugha iliyojifunzwa ukubwani mara nyingi hutangulia kupotea, ya utotoni ikabaki. Kwa hiyo bibi hamdharau mjukuu. Anatumia lugha aliyobaki nayo.

Utafiti uliofanyika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, ulikuta takriban wazee 6 kati ya 100 wenye miaka 70 na zaidi wana hali hii. Huko huko kikatengenezwa kipimo kinachomfaa hata asiyejua kusoma: mzee anataja wanyama, anapanga njiti za kiberiti. Asikudanganye mtu kwamba mzee ambaye hakusoma hapimiki.

Tufanye nini?

Mpeleke hospitali, na aende na mtu anayeijua lugha yake. Upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi ya shingo, sonona na baadhi ya dawa huleta usahaulifu unaotibika. Akichanganyikiwa ndani ya siku moja au mbili, wahi siku hiyo hiyo. Huenda ana maambukizi.

Usibishane naye. Akimuulizia mama yake aliyefariki zamani, mwambie akusimulie habari zake.

Mpe kazi anayoijua: kupukuchua mahindi, kuchambua maharage.

Mzigo usiachiwe mkwe mmoja. Pangeni zamu, kaka na dada wote, hata walioko mjini.

Na watoto waambieni leo: bibi anaumwa, hajarogwa. Kisha wafundisheni salamu kwa lugha yake. Ndiyo watakayoweza kuongea naye hadi mwisho.