Masisi na Walikale: madini ya kompyuta yanatoka, klavye inachorwa ubaoni

Programu mpya ya sayansi kwa darasa la saba na la nane, ambayo wizara ya elimu ya DRC iliitayarisha kwa msaada wa Benki ya Dunia, inamtaka mwanafunzi ajifunze teknolojia ya habari na mawasiliano. Kwenye karatasi, programu ni ileile kwa mtoto wa Kinshasa na wa Nyabiondo. Lakini shule isiyo na umeme wala mashine inabaki na njia moja tu: mwalimu achore klavye kwa chaki, A-Z-E-R-T-Y, na watoto waichore katika daftari zao.

Jambo hili si la Kongo peke yake. Mwaka 2018, mwalimu wa Ghana, Richard Appiah Akoto, alijulikana duniani kwa picha zake akichora ubaoni ukurasa mzima wa Microsoft Word. Baada ya picha hizo shule yake ilipewa kompyuta. Tofauti ni kwamba Ghana haichimbi koltani ya Rubaya.

Rubaya, wilayani Masisi, inatoa karibu asilimia 15 ya tantali ya dunia, madini yanayoingia katika kompyuta na simu. Bisie, wilayani Walikale, inatoa karibu asilimia 6 ya bati, ambalo linaunganisha vipande vya mashine hizo.

Hasara inaonekana wazi katika uandishi. Kwa kalamu na daftari moja, mwanafunzi anaandika insha mara moja, mwalimu anapiga rangi nyekundu, basi. Nani atarudia kurasa tatu kwa mkono? Kwa klavye anafuta sentensi, anahamisha aya, anasoma tena. Ni kweli, disertasyo ya Exetat bado inaandikwa kwa kalamu, kwa hiyo kalamu isiachwe. Lakini anayepata diploma na kwenda chuo kikuu Goma au Bukavu anadaiwa kazi iliyopigwa kwa mashine. Asiyejua klavye analipa sekretaria ya mtaani kwa kila ukurasa, na makosa ya mpigaji yanahesabiwa kuwa yake.

Kuna mashine ndogo iliyotengenezwa kwa kazi hiyo hasa: AlphaSmart Neo ya Marekani, klavye ya kubeba yenye kioo kidogo, bila intaneti. Ilitumia betri tatu ndogo kwa saa kama 700. Kwa saa moja kila siku ya shule, hiyo ni karibu miaka mitatu. Kampuni iliacha kuiuza mwaka 2013, na sasa zinapatikana zilizokwisha kutumika tu. Hata hivyo wazo lake linafaa Masisi kuliko chumba cha kompyuta chenye sola juu ya paa, ambacho kila mwenye bunduki anakiona kwa mbali. Klavye inaingia katika mfuko wa mwalimu anayekimbia. (Inaweza pia kumletea wezi nyumbani, tusijidanganye.)

Na kukimbia si mfano tu. M23 waliingia Walikale-centre mwezi wa tatu 2025, wakaondoka mwanzoni mwa mwezi wa nne. Kongo iliunga mkono Tamko la Shule Salama mwaka 2016, lakini madarasa yameendelea kulaza wakimbizi na askari.

Pesa zingetoka wapi? Sheria ya madini ya 2018 inaipa jamii ya mahali angalau asilimia 0.3 ya mauzo ya kampuni ya mgodi, pamoja na asilimia 15 ya mrabaha kwa serikali ya mahali. Walikale, ambako Alphamin inachimba Bisie, wazazi na walimu wanaweza kudai klavye ziandikwe katika mkataba wa maendeleo, kando ya barabara na zahanati. Rubaya hakuna hata meza ya kudaia: tangu mwezi wa nne 2024 mji uko mikononi mwa M23, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa walisema kundi hilo lilikuwa likikusanya pale kama dola 800,000 kwa mwezi.