MBINU ZA WAASI, NANI HULIPA?

Mwalimu wetu wa historia akitaja vita vya msituni, darasa zima huchangamka utadhani tuko uwanjani. Eti waasi ni mashujaa wenye akili nyingi! Hata mimi nilikuwa nikishangilia. Siku hizi nauliza swali moja tu: nani aliwalisha?

Tuwatazame jirani zetu wa Uganda. Tarehe 6 Februari 1981, Yoweri Museveni na wenzake waliishambulia kambi ya Kabamba wakiwa na bunduki 27. Kwa bunduki hizo huwezi kupambana na jeshi la serikali ana kwa ana, la hasha! Basi wakajificha Luwero, wakawa wanavizia wanajeshi, wananyakua silaha, kisha wanatoweka. Wanakijiji ndio waliowapa chakula na habari, na jeshi likawaua wengi wao kwa sababu hiyo.

Waasi walipopata nguvu wakabadilisha mbinu. Mwaka wa 1985 waliuteka mji wa Fort Portal na kuizingira kambi ya Masaka. Mwezi wa Desemba wakatia sahihi mkataba wa amani papa hapa Nairobi, mbele ya Rais Moi, lakini vita havikukoma. Tarehe 26 Januari 1986 wakaitwaa Kampala.

Je, Joseph Kony? Yeye alianza vita vyake kaskazini mwa Uganda baada ya hapo. Waacholi wenzake wengi walipokataa kumuunga mkono, hakuweka silaha chini. Alichonyimwa alikichukua kwa nguvu, hata watoto. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Oktoba 1996, watu wake walivamia shule ya wasichana ya Aboke, wakawateka wanafunzi 139. Mtawa Rachele Fassera aliwafuata mwituni, akarudi na 109. Thelathini wakabaki.

Sisi wa shule ya kutwa huwaonea wivu wenzetu wa bweni. Wasichana wale walitolewa bwenini usiku!

Kwa maoni yangu, mwasi huchagua mbinu kulingana na alichonacho: silaha, maficho na watu. Akipewa watu, wao huadhibiwa kwa niaba yake. Akinyimwa, huwateka. Ama kweli, wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi.

Kwa hivyo wenzangu, mwalimu akitaja vita tena, tusikimbilie kupiga makofi. Tuulize kwanza habari za nyasi.