Mgonjwa Anayo Haki ya Kujua Anachomeza

Mgonjwa aliyelazwa wodini hana sauti. Humeza kila kidonge anachowekewa kiganjani, naye akithubutu kuuliza ni dawa gani, mara nyingi hujibiwa, "Meza tu, utapona." Tumelizoea jambo hili mno hata hatulihesabu kuwa ni dhuluma. Nasi twasema ni dhuluma.

Ini ndicho kiungo kinachozichambua dawa nyingi tunazotumia, na kwa sababu hiyo dawa zaweza kulijeruhi. Mfano ulio karibu nasi ni matibabu ya kifua kikuu. Kati ya dawa 4 za miezi 2 ya mwanzo, 3 zaweza kuliumiza ini: isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi. Walio wengi hawapatwi na madhara makubwa. Lakini mzee, mnywaji wa pombe, mwenye homa ya ini, au aliyekondeshwa na njaa yumo hatarini zaidi. Hatusemi dawa hizo ziachwe. Kifua kikuu kisichotibiwa huua, na anayeacha vidonge kwa siri hukaribisha ugonjwa sugu nyumbani kwake. Tunachodai ni kwamba mgonjwa aelezwe.

Tazameni hasara ya kunyamaza. Rifampisini huugeuza mkojo uwe wa rangi ya chungwa au nyekundu, na hilo halina madhara. Lakini mkojo mweusi kama chai ya rangi iliyokolea, pamoja na macho ya manjano, kichefuchefu na kukosa hamu ya chakula, humpasa mgonjwa amwone daktari siku ile ile. Asiyeelezwa huogopa lile la kwanza akatupa vidonge. Ama likija la pili hudhani ni lile lile, akaendelea kumeza. Akiwahi, daktari huzisimamisha dawa, hupima damu, na ini likitulia huzirudisha moja baada ya nyingine. Akichelewa, huenda ini lisirudi tena katika hali yake.

Kuna na parasetamoli, ambayo hakuna anayeiogopa. Mtu mzima hapaswi kupita gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na aliyedhoofu apewe pungufu. Wodini muuguzi humpa kwa zamu, na jioni ndugu huja na vidonge vyake mfukoni. Nani anayejumlisha?

Tutajibiwa kuwa wauguzi ni wachache na wagonjwa ni wengi. Ni kweli, na lawama ya uchache huo si yao. Hata hivyo, kumwambia mgonjwa "ukiona macho ya manjano, niite" hakuchukui hata dakika moja. Wengine husema maelezo huwatia watu hofu. Hofu hiyo ipo tayari. Inakosa mwongozo tu.

Viongozi wa jumuiya wanaotembelea wagonjwa waulize majina ya dawa na kuyaandika. Wawasihi jamaa wamweleze daktari habari za mitishamba inayoletwa chini ya khanga, naye daktari asiwakaripie, maana baadhi ya mitishamba nayo huumiza ini. Kwa Tanzania, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba hupokea taarifa za madhara ya dawa, hata kutoka kwa mgonjwa mwenyewe. Ni wachache mno wanaolijua hilo, na tangazo lake lingefaa kubandikwa mlangoni pa kila wodi.