Rasilimali na Nia ya Mwenyewe

Aghalabu mfanyabiashara aliyenunua lori kwa shilingi 40,000,000 huandika fedha hizo zote katika matumizi ya mwaka ule ule, kisha akastaajabu anapoambiwa na wakaguzi wa kodi kwamba hesabu yake haikubaliki, ilhali fedha zimemtoka na risiti anayo. Ni kwa ajili ya mkanganyo huo tumelitenga toleo hili kuzungumzia mali ya kudumu.

Lori haliwi mali ya kudumu kwa sababu ya chuma chake. Likiwa uani kwa muuza magari, likingoja mnunuzi, ni bidhaa kama bidhaa nyingine. Jirani yake akilinunua akalitia kazini kubeba saruji na mahindi, limekuwa rasilimali, kwa kuwa amelikusudia limtumikie miaka kadhaa, na kwa hiyo gharama yake haina budi kugawanywa katika miaka hiyo kwa kadiri ya uchakavu.

Hapo ndipo mhasibu na mtoza kodi wanapoachana njia. Mhasibu hukadiria mwenyewe muda ambao chombo kitafaa. Mtoza kodi hana haja na makadirio hayo, maana Sheria ya Kodi ya Mapato ya Tanzania ya mwaka 2004 imekwisha kuzipanga mali kwa makundi, ikaamuru lori la kubeba chini ya tani 7 likatwe kila mwaka asilimia 37.5 ya thamani iliyobakia, na malori makubwa, pamoja na mabasi ya abiria 30 na zaidi, asilimia 25. Lori letu, likiwa ni lile dogo, hukatwa milioni 15 mwaka wa kwanza na shilingi 9,375,000 mwaka wa pili, likabaki na 15,625,000 daftarini, hata kama sokoni lingepata zaidi. Ardhi haimo, kiwanja hakichakai kwa kukanyagwa.

Sisi twaiona kanuni hiyo kuwa ya insafu, ijapokuwa haibagui lori la lami na lori la makorongo. Kwani kila mtu angeachiwa kulipangia lori lake umri, hapana lori Kariakoo ambalo lingeuona mwaka wa pili. Ila wenye kuuza vyombo wafahamu kwamba bei ikizidi thamani iliyobakia katika kundi zima, ziada huhesabiwa kuwa pato na kutozwa kodi, jambo ambalo wengi huambiwa fedha zikiwa zimekwisha kutumika.